Louis Essen na saa ya siziamu: sifa ni zake kweli?

Swali: Wakuu, Louis Essen, mwanafizikia wa serikali ya Uingereza pale NPL (maabara ya taifa ya fizikia), Teddington, anatajwa kuunda saa ya atomu ya kwanza, yaani inayopima muda kwa mitetemo ya atomu. Mbona Wamarekani walikuwa na yao 1949?

Jibu: Ile ilitumia amonia, na haikuzishinda saa bora za kwatzi (fuwele inayotetema kwa umeme). Ya Essen na mwenzake Jack Parry, 1955, iliyotumia siziamu (aina ya metali), ndiyo ya kwanza kutegemewa. Tena yenyewe haikuonyesha saa. Ilitumika kusahihisha saa za kwatzi, fani ambayo Essen aliifanyia kazi tangu aajiriwe 1929. Pete yake maarufu ya kwatzi ni ya 1938.

Jibu: Naongezea ufundi. Tanuri dogo hupasha siziamu, atomu zikachomoka ndani ya ombwe kwa mkondo mwembamba. Sumaku ya kwanza huzichambua kwa hali zake za nishati, kisha zinapigwa mawimbi ya redio mahali pawili. Sumaku ya pili huzipeleka zilizogeuka hali kwenye waya wa moto, unaozifanya ioni (atomu zenye chaji) ili zipimwe kama umeme. Mawimbi yakilingana sawasawa na mtetemo wa atomu, umeme unafika kilele. Adui mkubwa ni usumaku wa nje, hata wa dunia: unasogeza kilele, jibu linakuwa la uongo.

Muuliza: Na ile idadi ya mitetemo ya siziamu kwa sekunde, 9,192,631,770, ilipatikanaje?

Jibu: Essen alishirikiana na Markowitz, mwanafalaki wa US Naval Observatory (kituo cha unajimu cha jeshi la majini la Marekani), aliyepima muda kwa kupiga picha Mwezi. Matokeo yakatoka 1958, yakawa msingi wa sekunde rasmi 1967. Essen alistaafu 1972, akiwa bado anampinga Einstein hadharani.