Mjadala: Wafungua njia wanadhulumiwa Canton

Wadau wa futiboli ya Marekani, hasa sisi tunaokesha Jumapili usiku, naleta hoja tuichambue. Ukumbi wa Umaarufu ulioko Canton, Ohio, unaoenzi magwiji wa mchezo huu, unawadhulumu wachezaji ambao kazi yao ni kuzuia ili mwenzao apite, na anayeumia kuliko wote ni fulubeki. Kwa wageni wa mchezo huu, hapa simaanishi beki wa pembeni wa soka. Fulubeki huyu husimama mbele ya mkimbiaji, na mpira ukianza yeye ndiye huingia kwanza kwenye mwanya na kumpiga kikumbo beki wa kwanza anayejitokeza, mchezo baada ya mchezo, bila kuugusa mpira.

Mtaniambia mafulubeki wamo. Kweli wamo: Jim Brown, Jim Taylor, Larry Csonka, John Riggins. Lakini hao waliubeba mpira wenyewe, na kura walizipata kwa yadi walizokimbia. Nitajieni mmoja aliyeingia kwa kuwafungulia wenzake njia. Tangu Ukumbi uanze mwaka 1963, hayupo.

Mchukueni Lorenzo Neal, aliyecheza misimu 16, 1993 hadi 2008. Kuanzia 1997 hadi 2007, misimu 11 mfululizo, alimtangulia mkimbiaji aliyevuka yadi 1,000 kwa msimu: Adrian Murrell akiwa Jets ya New York, Warrick Dunn akiwa Tampa Bay, Eddie George akiwa Tennessee, Corey Dillon akiwa Cincinnati, kisha LaDainian Tomlinson akiwa San Diego. Mwaka 2006 Tomlinson alifunga tachidauni 31 (kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho wa wapinzani), rekodi ya msimu mmoja, akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Mwaka 2017 akaingia Canton. Neal yuko nje. Kinachoniuma ni kwamba wajumbe wa kamati ya Ukumbi huohuo walimweka kwenye kikosi bora cha muongo wa 2000. Yaani wamekiri hakukuwa na fulubeki bora kuliko yeye kwa miaka kumi, halafu mlangoni hawamtambui!

Karibuni, kwa hoja.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, hoja yako ina tundu. Murrell alikimbia yadi 1,249 mwaka 1996, Neal hajafika New York. George alikuwa ameshavuka 1,000 katika misimu yake yote mitatu kabla ya 1999. Dillon naye minne, 1997 hadi 2000. Tomlinson alikuwa na 1,683 mwaka 2002. Neal alipokuja msimu uliofuata akapata 1,645. Sasa hapo Neal aliongeza nini? Labda Dunn tu, aliyetoka 978 akafika 1,026. Hawa walikuwa wakimbiaji wazuri, yeye akapangwa mbele yao.

Pia kumbuka nafasi ni chache. Kwa wachezaji wa zama hizi hawaingii zaidi ya watano kwa mwaka, na kila mmoja anahitaji asilimia 80 ya kura. Na wazuiaji hawajafungiwa: Anthony Muñoz, Jonathan Ogden, Walter Jones na Orlando Pace wote wa safu ya mbele, wote wamo.

Mchangiaji wa pili:
Nami naongezea Daryl Johnston, fulubeki wa Dallas. Emmitt Smith, mkimbiaji aliyefunguliwa njia naye, ana yadi 18,355, hakuna aliyemfikia. Siku anaingizwa Ukumbini, mwaka 2010, alimgeukia Johnston mbele ya umati na kumshukuru huku machozi yakimtoka. Mwenye rekodi mwenyewe anatoa ushahidi! Mnataka shahidi gani mwingine?

Mleta hoja:
Ndugu yangu wa kwanza, takwimu zako ni sahihi, na zinaonyesha ugonjwa ulipo. Tunamtetea mzuiaji kwa yadi za mtu mwingine kwa sababu yeye hana hesabu yake. Anayemwangusha kotabeki, yule mrusha mpira, ana hesabu rasmi tangu 1982. Aliyemzuia asimwangushe hana, ligi haimwandikii kitu. Mzuiaji hawezi kupimwa kwa karatasi. Lazima watu wakae waangalie mkanda wa video.

Hao wanne uliowataja walipata kura mapema, sawa. Lakini tazama yaliyompata Jerry Kramer, naye wa safu ya mbele. Tarehe 31 Desemba 1967, Green Bay, baridi ya karibu nyuzi 25 chini ya sifuri, uwanja umekuwa barafu. Dallas inaongoza 17 kwa 14, zimebaki sekunde 16, mpira uko hatua moja kutoka mstarini. Kramer anainama chini, anamwingia Jethro Pugh wa Dallas, mwenzake Ken Bowman anasaidia, Pugh anasukumwa nyuma, na kotabeki wao Bart Starr anajitupa kwenye nafasi aliyoiacha. Mchezo umekwisha, 21 kwa 17. Starr aliingia Canton mwaka 1977. Kramer, aliyekuwa kwenye kikosi bora cha miaka 50 ya ligi, alisubiri hadi 2018, nusu karne baada ya kustaafu. Kama mtu mwenye kikumbo kinachokumbukwa na kila mpenzi wa mchezo huu amesubirishwa hivyo, Neal ana matumaini gani?

Suala la nafasi chache pia halinitoshi. Mpiga mpira kwa mguu Ray Guy aliingia mwaka 2014, na Devin Hester mwaka 2024 kwa kazi ya kurudisha mipira iliyopigwa na wapinzani, michezo michache tu kwa kila mechi. Naunga mkono wote wawili. Wajumbe waliwapima kwa kazi waliyopewa na kocha, basi fulubeki apimwe vivyo hivyo.

Ninachopendekeza ni hiki: kamati ina wajumbe wapatao 50, wengi wao wanahabari. Waongezwe makocha wa safu ya mbele na mabeki wa kati waliostaafu, wale waliopokea vikumbo vyenyewe, na kesi ya kila mzuiaji ianze na mkanda kabla ya takwimu za yeyote. Anayepinga aniambie: Neal alipaswa kufanya nini zaidi, akiwa fulubeki, ili mlango ufunguke?