Nimepata nafasi ya London Marathon kuchangia watoto viziwi, naomba ushauri wenu

Kutoka: Mdau, Reading

Ndugu wanajumuiya, assalaam aleikum na hamjambo nyote.

Nimepata nafasi ya kukimbia London Marathon mwezi wa Aprili kupitia National Deaf Children's Society. Bahati nasibu ya mbio hizi mnaijua, waombaji ni wengi mno kuliko nafasi. Njia nyingine ni kupewa nafasi na shirika la hisani na kuahidi kulikusanyia fedha. Mimi nimeahidi pauni 2,000.

Nimechagua shirika hili kwa sababu ya mpwa wangu aliyeko Tanga. Aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo, akapona, lakini usikivu haukurudi. Ilichukua muda mrefu nyumbani kuelewa kwamba mtoto si mkaidi, hasikii. Shirika lina tawi la kimataifa, Deaf Child Worldwide, ambalo kazi zake zimefika Afrika Mashariki, na hilo ndilo lililonivuta.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Watu wetu wamechoka na michango ya harusi, misiba na matibabu, niwaombeje? Fedha zipitie wapi? Nilikuwa nafikiria kila mtu atume kwenye akaunti yangu, kisha nizipeleke zote kwa mkupuo. Na la tatu, Ramadhani inaangukia katikati ya mazoezi. Aliyewahi kujiandaa kwa mbio ndefu huku amefunga anieleze.

Kutoka: Mweka hazina wa zamani, Coventry

Mdogo wangu, hongera sana. Naanza na swali la fedha.

Usizipitishe kwenye akaunti yako, na si kwamba hatukuamini. Hapa Uingereza kuna utaratibu wa Gift Aid: mlipa kodi akitoa pauni 1 kwa shirika la hisani na kujaza tamko kwamba analipa kodi, shirika linaidai serikali peni 25 za ziada. Aliyetoa pauni 20, shirika linapata 25, naye hajaongeza kitu. Lakini tamko ni la mtu mmoja mmoja kwa fedha zake mwenyewe. Ukikusanya pauni 600 za watu wengine ukazituma kwa jina lako, huruhusiwi kuzijazia tamko. Hapo umepoteza pauni 150 ambazo zingemfikia mtoto.

Kwa hiyo fungua ukurasa wako wa kuchangia, kila mtu aingie mwenyewe. Wazee wetu wanaopenda kutoa taslimu, omba shirika likupe fomu ya wadhamini. Kila mmoja aandike jina lake kamili, anwani ya nyumbani na kiasi, kisha aweke alama kama analipa kodi. Mwanafunzi asiye na kipato cha kutozwa kodi, au shangazi anayetuma kwa M-Pesa kutoka nyumbani, asiweke alama hiyo. Kodi ya mtu isipofikia kiasi kilichodaiwa, mamlaka ya mapato inaweza kumdai yeye tofauti.

Tukipika pilau la kuchangisha, tiketi ya chakula haiingii kwenye Gift Aid, kwa sababu mtu amenunua chakula. Weka na kisanduku cha sadaka pembeni, chenye bahasha zenye tamko. Usisimame na ndoo mtaani bila kibali cha halmashauri. Tena usome mkataba wako vizuri: mashirika mengi hayahesabu Gift Aid ndani ya kile mkimbiaji alichoahidi, kwa hiyo pauni 2,000 zako ziwe 2,000 kabla ya nyongeza.

Na uchovu wa michango ni kweli upo. Mchango wa harusi una deni ndani yake: leo kwako, kesho kwangu. Huu hauna, kwa hiyo usiuombe kwa mtindo ule wa kubandika orodha ya ahadi kwenye WhatsApp na kuwataja waliochelewa. Piga simu, mtu mmoja mmoja, mweleze habari za mpwa wako. Halafu toka nje ya jumuiya. Ulizia kazini kwako, kwani wapo waajiri wanaotoa kiasi kilekile alichokusanya mfanyakazi wao.

Kutoka: Mama wa wawili, Leicester

Dada, barua yako nimeisoma mara mbili, na ile sentensi ya mtoto si mkaidi imenigusa sana. Nitachangia. Ila naomba nitumie nafasi hii kusema na wazazi wenzangu.

Hapa Uingereza watoto wachanga hupimwa usikivu katika wiki za mwanzo. Mtoto aliyezaliwa Dar, Mombasa au Bujumbura akaletwa huku ana miaka mitatu au minne hakupita kwenye kipimo hicho, na anaweza kukaa muda mrefu bila mtu kuuliza. Binti yangu alikuwa hivyo. Shuleni waliniambia ni mambo ya lugha mbili, nyumbani anaongea Kiswahili, nisubiri, Kiingereza kitakuja. Sasa wazazi nisikilizeni: mtoto anayechanganya lugha mbili, ukimwita kwa Kiswahili akiwa amekupa mgongo, atageuka. Wangu alikuwa hageuki. Alikuwa anatazama midomo yetu, na gizani alikuwa haelewi chochote.

Ukiona hivyo, au mtoto anapandisha sauti ya televisheni, au sikio linatoa usaha kila mara, nenda kwa daktari wako wa familia useme wazi: nataka mwanangu apelekwe kupimwa usikivu. Usikubali kusubiri lugha. Vifaa vya usikivu vya NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, unapewa kwa mkopo bila kulipa, betri bure, na ile sehemu inayoingia sikioni hubadilishwa kadiri sikio linavyokua. Halmashauri zina walimu maalumu wa watoto viziwi wanaokwenda nyumbani na shuleni. Ulizia wa kwenu. Wa kwetu ndiye aliyemfundisha mwalimu wa darasa asiongee huku ameelekea ubaoni.

Wengi wananiuliza kuhusu viza. Kama viza yako inakuzuia kupata fedha za umma, yaani posho za serikali, matibabu ya NHS hayamo kwenye zuio hilo. Ulishalipia ada ya afya ulipoomba viza, mtoto ana haki ya kupimwa na kupewa vifaa. Kilicho tofauti ni posho ya mtoto mwenye ulemavu, DLA. Hiyo imo kwenye orodha ya fedha za umma, kwa hiyo pata ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu yoyote.

Ukiandika ukurasa wako, dada, tafadhali weka na haya. Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya 2021 linasema watu zaidi ya milioni 430 wanahitaji huduma kwa sababu ya kupoteza usikivu, na karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto ungeweza kuzuilika. Chanjo za surua, rubela na homa ya uti wa mgongo zinalinda masikio. Dawa kama gentamaisini zinaweza kuyaharibu zikitumiwa bila uangalizi. Mtu wetu akiyajua hayo atampigia simu mdogo wake kule nyumbani mwenye mtoto mchanga, na simu hiyo nayo ni mchango.

Kutoka: Mwanajumuiya, Birmingham

Salamu kwenu. Mimi ni kiziwi, nimesomea Kenya, na hapa nimekimbia marathoni mara kadhaa. Hongera dada kwa uamuzi wako.

Naomba jambo moja kuhusu hilo pilau. Kila hafla ya jumuiya ninayokuja, hotuba ni ndefu, muziki uko juu, na mimi nasoma simu yangu hadi chakula kiletwe. Hafla ya kuchangia viziwi isiwe hivyo. Tafuteni mkalimani wa Lugha ya Alama ya Uingereza mapema, kwa sababu wanatafutwa sana na lazima walipwe. Lakini muulizeni kwanza kiziwi anayekuja anatumia lugha gani. Mimi nilipofika hapa nilikuwa na Lugha ya Alama ya Kenya, ambayo herufi zake ni za mkono mmoja; za hapa ni za mikono miwili, ikabidi nijifunze upya kuanzia alfabeti. Katiba ya Kenya ya 2010 inaitambua lugha yetu, na hapa sheria ya 2022 inaitambua ya kwao, lakini lugha hizi hazielewani. Hotuba ziandikwe zionekane kwenye skrini. Mwanga uwe wa kutosha. Muziki upunguzwe watu wanapoongea, maana wenye vifaa vya usikivu kelele zote huwaingia kwa pamoja.

Na mtualike kuzungumza, si kukaa mbele tupigwe picha.

Kutoka: Mkimbiaji, Milton Keynes

Dada wa Reading, mimi najibu la mazoezi tu. Mwisho wa Februari jua hapa linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, hiyo ni nafuu kubwa. Fungua kwa tende na maji, swali magharibi, kula kidogo, kisha kimbia baada ya muda wa saa moja hivi na ule chakula kamili ukirudi. Ile mbio ndefu ya wiki usiifanye mchana ukiwa umefunga. Iweke usiku wa Jumamosi, ukimbie na mwenzako, kwenye barabara zenye taa. Ongeza umbali mwingi kabla ya mwezi kuandama, ndani ya mwezi shikilia ulichonacho. Ukiwa na kisukari au unatumia dawa, muone daktari kwanza.

Namba ya kukimbilia utaichukua mwenyewe ExCeL, ukumbi wa maonyesho wa London, siku za kabla ya mbio, ukiwa na kitambulisho chenye picha. Huwezi kumtuma mtu, kwa hiyo panga ruhusa ya kazi mapema.

Sisi tuliokesha Septemba 2025 kumtazama Mtanzania Alphonce Simbu akichukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo kwa tofauti ya sekunde 0.03 tutakuja kukushangilia pale Cutty Sark, ile meli ya kale mnayoipita njiani.

Kutoka: Mdau, Reading

Nawashukuru mno. Akaunti yangu haitaguswa. Ukurasa ninaufungua leo jioni, na maneno ya mama wa Leicester kuhusu chanjo na kipimo nitayaweka juu kabisa, kabla ya habari zangu. Kaka wa Birmingham, nimeshaliandikia shirika linisaidie kupata mkalimani. Nakuomba wewe uwe mzungumzaji wa kwanza, na unitajie ni hotuba ya dakika ngapi inayokutosha.

Pilau tutapika kabla ya Ramadhani. Ukumbi ninao. Ninachokosa ni sufuria mbili kubwa na mtu mwenye projekta.