Tanga: familia sita LUKU moja, halafu presha kuka yangu ndiyo inaitwa mwizi

Wanajamvi, leo nimefika shingoni na nitasema.

Napanga chumba kimoja Ngamiani, nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, choo uani. LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ni moja. Kila mwezi tunachanga elfu tisa tisa, sawa kwa sawa, hata mwenye taa moja tu. Wiki iliyopita mama mwenye nyumba kaingia chumbani kwangu na kijana wake, kaibeba presha kuka yangu ya umeme hadi barazani, akaiweka mbele ya wenzangu: "Hiki ndicho kinachokula umeme wenu."

Presha ile niliinunua kwa pesa ya kikoba, maana mwanangu mdogo anabanwa kifua tukipikia mkaa ukumbini wakati wa mvua. Na nilishaipima. Siku friza ya mama ilipochomolewa kuoshwa, wapangaji wote wako makazini, nilisoma uniti zilizobaki kwenye LUKU: 31.6. Nikabandika maharage. Yalipoiva nikasoma tena: 31.1. Nusu uniti, hata shilingi mia mbili haifiki! Maharage hayo hayo kwa mkaa ni makopo mawili, elfu mbili.

Sasa njooni muione hiyo friza. Iko barazani, anauzia barafu. Mpira wa mlango umechanika, kaufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Baridi inavuja, mota haipumziki, inanguruma usiku kucha nyuma ya ukuta wangu. Barafu pesa yake, umeme tunachanga wote. Nani mwizi hapo?

Na hata friza ikiondoka bado tunaumia. Anayetumia uniti 75 kushuka chini kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Wa kundi la juu analipa 292. Nafuu ile iliwekwa kwa ajili ya watu wa aina yangu, mimi ambaye peke yangu sifikishi uniti 25. Ila mita haijui kama humu ndani kuna familia sita, inamwona mtumiaji mmoja mkubwa. Kwa hiyo elfu kumi, kodi ikishaingia, inatupa uniti 28, wakati mwenye mita yake anayetumia kidogo kama mimi, elfu tatu na ushei inampeleka mwezi mzima. Hapo sijagusa kodi ya jengo, 1,500 inakatwa humo humo kila mwezi. Jengo la nani?

Nilikwenda kuulizia mita yangu mwenyewe. Nikaambiwa 320,960, na barua ya mwenye nyumba. Mama kakataa kuandika.

Mei 2024 ulizinduliwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Mimi niliitikia, nikaacha mkaa, nimeishia kudhalilishwa barazani. Umeme wenyewe unafuliwa mkoani kwetu, Hale na Pangani!

Wenye nyumba mliofunga sabmita, ile mita ndogo ya kupima umeme wa kila chumba, njooni mseme imewagharimu kiasi gani, nimwonyeshe huyu mama. Na aliye kwenye mamlaka anisomee hapa: kwa nini bei ya maskini inahesabiwa kwa mita na siyo kwa kaya?

Presha iko mvunguni. Leo nimepika kwa mkaa, na mtoto anakohoa hivi ninavyoandika.