Filamu gani inafaa kumwonyesha mdogo wangu mwenye skizofrenia? Naomba ushauri kabla ya Jumamosi

Kaka wa Kihonda
Wakuu habari za usiku. Niende moja kwa moja. Nina mdogo wangu wa kiume, miaka 22. Mwaka jana akiwa chuo mwaka wa pili aliugua, hospitali wakasema ni skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo. Anachomwa sindano kila mwezi na ana vidonge vya jioni. Huu ni mwezi wa tano ametulia, anakula, analala, hata mpira anaangalia. Tatizo hakubali kwamba aliumwa. Anasema tulimchomesha sindano kwa sababu alikuwa anasema ukweli. Sindano ijayo ni Jumanne na ameshaniambia haendi.

Hapa nyumbani tupo wawili tu. Nimewaza nimwekee filamu ya mtu mwenye ugonjwa kama wake, ajione mwenyewe kama kwenye kioo, labda akili itafunguka. Nasikia hata vyuo vya udaktari wanafundishia filamu. Ipi inafaa? Kiingereza chake si kibaya. Wenye matusi wakae pembeni tafadhali.

Tukuyu Damu
Nimewahi siti ya mbele.

Mzee wa Kijiweni
Pole sana mkuu. Hapo ni A Beautiful Mind tu, ya 2001, kacheza Russell Crowe. Jamaa wa hesabu anaitwa John Nash, anaona watu ambao hawapo, mwishoni anabeba tuzo ya Nobel. Mimi niliiona kibanda umiza Tabora, kiingilio shilingi mia, ya kutafsiriwa. Mtafsiri mwenyewe haelewi kinachoendelea. Kila Crowe akiongea na yule rafiki yake wa bwenini, yeye anasema "hapa washikaji wanapanga mchongo". Tunafika katikati, kumbe rafiki hayupo, hakuwahi kuwepo. Kibanda kizima kimya. Mara mtafsiri anasema "jamani, hata mimi nimepigwa". Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu. Siku hizo umeme ukikatika mnakaa humohumo mnasubiri, hakuna kudai mia yako.

Nyundo ya Haki
Alikuwa anavuta bangi au havuti? Jibu hilo kwanza. Vijana mnawapeleka chuo wanakwenda kuvuta, wakiwehuka mnakuja hapa na majina ya kizungu. Mpelekeni Milembe mpumzike.

Bibi Karafuu
Mwanangu pole. Kwetu Pemba mtoto akisema anasikia sauti hatumwekei sinema, tunamwita mtu wa kisomo. Hospitali siikatazi, huko pia mpeleke. Lakini mgonjwa kumwonyesha mgonjwa mwenzake kwenye televisheni, hilo ndiyo nalisikia kwako leo.

Kaka wa Kihonda
Alivuta kidogo kidato cha tano, akaacha. Kisomo tulifanya, maombi tulifanya. Naomba turudi kwenye filamu.

Nesi wa Zamu
Nimekaa wodi ya akili miaka 11. Nyundo, Mirembe ni hospitali iliyopo Dodoma, si tusi. Tuendelee.

Mleta uzi, hiyo filamu hata mimi nimeitumia kufundishia wanafunzi, ila sikuwahi kuiacha ijiendee yenyewe. Inamwonyesha Nash akiona watu. Nash wa kweli hakuwaona. Alisikia sauti, na aliamini bila kutikisika kwamba magazeti yana ujumbe wa siri wake yeye. Wagonjwa wengi shida iko masikioni, si machoni. Sasa ukimwekea mdogo wako atakwambia, "Mimi sijawahi kuona mtu asiyekuwepo, kwa hiyo siumwi." Hapo amekushinda kwa hoja na huna la kujibu.

Kuna jingine baya zaidi. Ile sehemu ya 1994 kabla ya Nobel, Nash wa kwenye filamu anasema anatumia dawa mpya. Nash mwenyewe alikwisha kuacha dawa tangu 1970. Sentensi ile iliwekwa kwa kuogopa watu wasije wakatoka sinema wakatupa vidonge vyao. Mdogo wako ana simu? Dakika mbili ameshalijua hilo, na Jumanne hutoki naye hata getini. Wapo wachache wanaopata nafuu bila dawa, lakini hakuna wa kukwambia mapema kwamba wako ni mmoja wao. Na nafuu ya Nash ilikuja polepole, miaka na miaka, akikaa nyumbani kwa mwanamke waliyekuwa wameachana 1963. Alicia alimpokea tena 1970 akamlea wakati hata si mkewe. Hiyo talaka filamu imeiruka.

Halafu nikuulize. Kwa nini iwe Jumamosi, na hili la "ajione mwenyewe" lina maana gani? Kuna kitu hujakisema.

Tukuyu Damu
Nesi kashika sindano 😂

Kaka wa Kihonda
Sijaficha kitu, sikuona kama kinahusu. Basi niseme. Nina video yake ya usiku ule alipozidiwa. Dakika nne na sekunde kadhaa. Yuko sebuleni, kamera ya simu yake kaiziba kwa plasta, waya wa antena kauchomoa, anabishana na feni ya ukutani. Mama analia pembeni. Mpango wangu filamu ikiisha nimwekee hiyo palepale, kwamba umemwona yule, na wewe huyu hapa. Nimeshaikata vizuri na tarehe nimeweka chini. Jumamosi kwa sababu ndiyo siku siendi kazini. Sioni kosa. Hata mchezaji anaonyeshwa marudio ajue alipokosea.

Abiria wa Mwisho
Huwa nasoma tu humu, siandiki. Leo naandika.

Ninao ugonjwa huo tangu 2009. Nina kazi, mke, watoto wawili, na sindano ya Modecate kila mwezi. Kwangu ilianzia kwenye daladala. Konda anataja vituo kama kawaida, Kimara Mwisho, Temboni, halafu katikati ya vituo anataja jina langu la utotoni, lile aliloniita marehemu babu peke yake. Nageuka, konda anahesabu chenji. Kesho yake gari jingine, konda mwingine, sauti ileile. Nikaacha kupanda magari, nikawa natembea kwa mguu Ubungo mpaka Mbezi, miezi miwili. Nyumbani walisema nabana nauli.

Hakuna filamu iliyowahi kunionyesha hicho. Ila ile ya Nash ilinipa kitu kimoja. Mtu wa Nobel anamfuata chuoni, na kabla Nash hajamjibu anamuuliza mwanafunzi aliye karibu kama naye anamwona huyo mgeni. Basi, hicho tu. Mimi nikimgusa mke wangu mkono mara mbili anajua namuuliza, "Umesikia?" Akikataa kwa kichwa, naendelea kula.

Kuhusu video: ndugu zangu walinionyesha ya kwangu. Ugonjwa sikuuona. Niliona suruali imenishuka na watu wanne wamesimama, hakuna hata mmoja anayenipandishia. Niambie, nani mwingine ameiona hiyo ya mdogo wako?

Fundi Redio
Mkuu Abiria heshima kwako. Mimi shemeji yangu alianza hivyohivyo ila yeye ilikuwa redio ya mbao, na mimi ndiye niliyemtengenezea. Alinigombeza mwaka mzima kwamba niliweka mtu ndani.

Nyundo ya Haki
Mleta uzi kaenda kuchota maji? Ameulizwa swali.

Kaka wa Kihonda
Nipo. Niliituma kwenye grupu la ukoo. Subirini kwanza kabla ya kurusha mawe. Wajomba walikuwa wanasema ni majini ya upande wa baba, hakuna anayetoa hata nauli. Nilipotuma video zikapatikana laki nne kwa siku mbili. Ninyi mnaonihukumu mngenichangia? Bila ile video angefungwa kamba sehemu mpaka leo. Na walio mle ni ndugu watupu, si watu baki.

Wakili wa Mtaani
Ndugu watupu wangapi? Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa za afya ya mtu ni taarifa nyeti. Huyo ni mtu mzima wa miaka 22. Akipona vizuri akaamua kukufuata utanitafuta.

Kaka wa Kihonda
Wanachama 63. Wengine siwajui vizuri.

Mpelelezi Huru
Wakuu naona mnatiririka machozi. Tulieni tukague mzigo. Akaunti imefunguliwa Jumapili iliyopita, uzi ni huu mmoja. Mwanzo anasema nyumbani wapo wawili tu, akibanwa kidogo mama anatokea analia pembeni. Mwanzo hajui filamu ipi, kumbe ratiba nzima anayo mpaka na tarehe chini ya video. Kila akiulizwa anatoa kipande kimoja kitamu zaidi ya cha jana. Huyu anaandika skripti ya Bongo Movie na ninyi mnamwandikia bure, au ni mwanachuo anakusanya data. Hii chai. Wenye sukari tieni.

Mzee wa Kijiweni
Nilishaanza kuhisi. Feni ya ukutani?

Tukuyu Damu
Kama ni skripti naomba nicheze feni.

Fundi Redio
Chai au si chai, shemeji yangu alikuwepo.

Nesi wa Zamu
Hata kama ni chai, wanaosoma kimyakimya wenye wagonjwa ndani ni wengi. Mleta uzi, mama yuko wapi?

Kaka wa Kihonda
Nilikuwa nimeamua kutorudi humu.

Mama yuko Dumila kwa mama mdogo tangu usiku ule. Mdogo wangu alikuwa anaamini mama anamtilia sumu kwenye uji. Alimrudishia bakuli. Uji ulikuwa wa moto, ukamshika begani mpaka kwenye kiwiko. Kwenye video hakipo, nilikikata, na hapa sikukiandika kwa sababu nilijua Nyundo na wenzake watasema vichaa wafungwe. Huyu mtoto nimempeleka darasa la kwanza nimemshika mkono. Nataka akubali ili mama arudi nyumbani. Mama anasema harudi mpaka asikie kwa mdomo wa mwanawe kwamba haikuwa sumu. Chai yako hiyo, Mpelelezi, kunywa.

Mpelelezi Huru
Mimi bado. Mtu akiandika vizuri namna hiyo napata wasiwasi zaidi.

Bibi Karafuu
Wewe mwanangu Mpelelezi, una mama wewe?

Nyundo ya Haki
Sijasema wafungwe. Mpe pole mama.

Nesi wa Zamu
Asante kwa kusema. Wengi wenye ugonjwa huu hawamdhuru mtu, na aliyemdhuru mama yake akiamini anajiokoa hazinduliwi kwa kuonyeshwa picha. Akiamini ulichomwonyesha, usiku huo utakuwa naye peke yako na aibu ya uzito ule. Umejiandaa kwa hilo? Nimewahi kuwa wodini mgonjwa akionyeshwa video yake, lakini aliombwa kwanza, na daktari alikuwa amekaa naye mpaka mwisho na siku zilizofuata. Huko kwako sebuleni hakuna huyo mtu.

Habari ya uji mwambie daktari. Mdogo wako muulize kitu kimoja tu, sindano yenyewe inamfanya nini. Wengi tunaodhani wanakataa ugonjwa, wanakataa shingo kukakamaa, udenda kwenye mto, unene, na mambo ya chumbani wanayoona haya kuyataja. Vingi vya hivyo vinatibika, kipimo kinapunguzwa au anaongezewa kidonge kama benzhexol. Ila lazima aseme.

Abiria wa Mwisho
Na umwambie kwamba video ipo. Usimwonyeshe, mwambie tu. Siku akiikuta kwenye simu ya binamu itakuwa vibaya zaidi.

Kaka wa Kihonda
MREJESHO. Ni Jumapili usiku.

Sikuweka filamu. Tuliangalia mpira, mapumziko nikamwambia ipo video. Akauliza kachukua nani. Nikasema mimi. Akanyamaza mpaka kipindi cha pili kikaanza, halafu akasema, "Usiku ule nilikuita uzime ile sauti. Nilikuita sana. Kumbe mikono yako ilikuwa na kazi."

Sikuwa na jibu. Nimeifuta kwenye simu yangu mbele yake. Kwenye grupu muda wa kuifuta kwa wote ulishapita, nimewaomba, wamejibu watatu, mjomba mmoja kasema ameihifadhi kwa ajili ya kumbukumbu.

Sindano nimemuuliza. Anasema akichomwa, wiki nzima miguu inataka kutembea yenyewe, akilala anaamka, akikaa anasimama, anazunguka uani saa nane za usiku. Mimi nilikuwa namsikia nadhani anaongea na zile sauti. Jumanne tunakwenda. Ameandika kwenye karatasi atakayomwambia daktari, kaikunja mara nne kaiweka ndani ya kadi ya kliniki. Hataki niisome. Habari ya mama hatujaigusa.

Abiria wa Mwisho
Usiisome.

Mpelelezi Huru
Jumatano tutasubiri hapa.

Mzee wa Kijiweni
Wakuu samahani kidogo nje ya mada, ile A Beautiful Mind ya kutafsiriwa kuna mwenye nayo? Nimezunguka mjini kote napata ya Kiingereza tu.