Windows.old imegoma kufutika baada ya kuhamia Windows 11: nifanyeje?

Mama Steshenari, Makole

Habari za jioni, ndugu zangu. Nina steshenari ndogo hapa Makole, Dodoma, na kazi zangu zote za kuchapa barua, kuandaa wasifu wa waombaji kazi na kujaza fomu za wanafunzi zinategemea laptopu moja yenye diski ya gigabaiti 128. Kwa kuwa Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, sikuona vema kuendelea kutunza nyaraka za wateja kwenye mfumo usiopata tena masasisho ya usalama, kwa hiyo wiki iliyopita niliihamishia Windows 11. Kazi ilikwenda salama, lakini nilipotazama diski C nilikuta nafasi iliyobaki ni gigabaiti 6 tu, na folda moja iitwayo Windows.old imekalia gigabaiti 23.

Nimejaribu kuifuta kama ninavyofuta faili nyingine, nikajibiwa kwamba nahitaji ruhusa ya TrustedInstaller, ilhali akaunti ninayotumia ndiyo ya msimamizi na kompyuta ni yangu. Kijana mmoja akaniandikia amri ya rd /s /q C:\Windows.old, nami nikaiingiza kwenye kidirisha kinachofunguka nikibofya kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa kipanya, yakatoka maandishi mekundu na hakuna kilichofutika. Naomba mnieleze kwa nini inakataa, na kama ninaweza kuiondoa bila kuharibu kompyuta ninayoitegemea kwa riziki.

Fundi wa Kizota

Mama, pole kwa usumbufu. Nianze na hayo maandishi mekundu, kwa sababu yamewasumbua wengi. Kidirisha ulichofungua ni PowerShell, yaani kidirisha cha kisasa cha kuandikia amri, na humo neno rd lina maana nyingine, haliukubali mtindo wa /s /q. Amri ile ni ya Command Prompt ya zamani, ile inayopatikana ukiandika cmd kwenye sehemu ya kutafutia na kuchagua kuifungua kwa ruhusa ya msimamizi. Hata hivyo nakusihi usiirudie sasa, maana haikuwa hatua ya kwanza.

Folda hiyo ni mfumo wako wa zamani mzima, uliowekwa kando ili upate kurudi Windows 10 endapo mpya itakusumbua. Nafasi hiyo ya kurudi ni ya siku 10, na baada ya hapo mfumo huifuta folda wenyewe. Faili nyingi za ndani yake zinamilikiwa na TrustedInstaller, ambayo ni huduma ya Windows yenyewe na si mtu, nayo iliwekewa mamlaka juu ya faili za mfumo tangu enzi za Windows Vista ili programu mbaya isizifikie kwa kutumia akaunti yako. Ndiyo maana usimamizi wako peke yake hautoshi.

Kama umeridhika kwamba hutarudi nyuma, fungua Settings, ingia System, kisha Storage, kisha Temporary files, utie alama kwenye "Previous Windows installation(s)" na ubofye kitufe cha kuondoa. Hapo anayefuta ni mfumo wenyewe, na mfumo una ruhusa. Chomeka chaji kwanza, maana umeme ukikatika na betri ni dhaifu, kazi itabaki nusu.

Mwalimu, Kondoa

Naongezea jambo moja kabla Mama hajabofya chochote. Ingia C:\Windows.old\Users, ufungue folda yenye jina lako, utazame Desktop, Documents na Downloads. Kwa kawaida faili za mtumiaji huhamia kwenye mfumo mpya, lakini aliyechagua wakati wa usakinishaji kutobakiza kitu chochote atakuta kazi zake zimesalia humo peke yake. Mimi nilifuta kwa haraka mwaka jana, na mitihani ya muhula mzima niliyokuwa nimeitunga ikapotea, kwa sababu folda hii haipitii pipa la taka. Nakili unachokihitaji kwenye diski ya nje kwanza.

Mama Steshenari, Makole

Asante sana, Mwalimu, na asante, Fundi. Nilikagua, nikakuta faili zangu zote zimehamia, nikafuata njia ya Settings. Nafasi imerudi, lakini folda haikuisha: imebaki na megabaiti kama 700, zote ndani ya Windows\System32\DriverStore\FileRepository, na nyingi zina majina ya printa zangu mbili. Nimewasha upya mara tatu bila mabadiliko.

Fundi wa Kizota

Hayo ndiyo mabaki sugu yenyewe, na ya madereva ya printa, yaani programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kuitumia printa, nimekutana nayo mara nyingi. Hayataidhuru kompyuta yakibaki. Ukitaka yatoke, fungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi, chukua umiliki, jipe ruhusa, kisha futa:

takeown /F C:\Windows.old /A /R /D Y
icacls C:\Windows.old /grant Administrators:F /T /C
rd /s /q C:\Windows.old

Mwalimu, Kondoa

Fundi, kwa heshima, nisingempa Mama amri mbili za kwanza zikilenga folda nzima. Ndani ya Windows.old\Users huwa mna vitu kama Application Data ambavyo kwa macho ni folda, kumbe ni viungo, na anwani iliyoandikwa ndani yake ni C:\Users, yaani folda anazozitumia leo. Amri ya kubadilisha ruhusa ikikifuata kiungo cha namna hiyo itagusa faili zilizo hai. Kwa kuwa kilichobaki ni madereva tu, alenge C:\Windows.old\Windows\System32\DriverStore peke yake, na ile ya rd ndiyo aielekeze kwenye folda nzima mwishoni.

Fundi wa Kizota

Ni kweli, Mwalimu, nimekosea kutolitaja hilo. Mama, fuata hivyo. Na ikigoma kwa madai kwamba faili inatumika, shikilia Shift huku ukibofya Restart, uchague Troubleshoot, Advanced options, kisha Command Prompt, ufute ukiwa huko, kwa sababu Windows yako itakuwa haijawaka. Kuna mambo mawili ya kuzingatia: diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, ile kinga ya Windows inayoficha data za diski, utaombwa ufunguo wa tarakimu 48, hivyo uwe nao mkononi kabla ya kuanza, na herufi ya diski inaweza kubadilika, kwa hiyo tumia dir, amri ya kuorodhesha yaliyomo, kuhakikisha uko mahali sahihi.

Mama Steshenari, Makole

Imefutika. Faili mbili zilikataa nikiwa ndani ya Windows, nikaenda kwa njia ya Shift, na kweli diski yangu huko iliitwa D. Kama nisingetumia dir ningedhani folda imeshatoweka. Sasa nina gigabaiti 29 na ushei, na printa zote mbili zinachapa. Nimeona pia folda ya WinSxS ni kubwa mno. Je, nayo niifute vivyo hivyo?

Fundi wa Kizota

Hapana, Mama, hiyo usiiguse kwa mkono. Hayo si mabaki; ni sehemu ya mfumo unaoutumia sasa, na ukubwa unaouona si halisi, kwa sababu faili nyingi za humo huhesabiwa mara mbili. Kwenye Command Prompt yenye ruhusa ya msimamizi andika DISM /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup, uuache mfumo uchague wenyewe usichokihitaji.