Tupeane uzoefu: kuendesha fowili (gari linalovuta kwa matairi yote manne) huku habu za mbele zimefungwa

Mwana_Makete
Wakuu, leo kituo cha mafuta nimekuta bosi anamfokea dereva wake kwa sababu gari limetoka vijijini likafika mjini habu za mbele (vile vifungio vya katikati ya matairi ya mbele, LOCK vinashika shafti, FREE vinaiachia) bado ziko LOCK. Bosi anadai difu ya mbele imeshakufa, kijana anajitetea kwamba masika haijaisha. Nimekumbuka mengi sana. Wenye mkonga (Land Cruiser), Hilux za zamani na Patrol, mwageni yenu. Mnafunga lini, mnafungua lini, na mmekutwa na nini?

Utingo_Mstaafu
Kijana yuko sawa. Mvua ya kwanza ikidondoka nafunga, udongo ukikauka nafungua. Sina la kuongeza.

Spana17
Mimi ni fundi, niweke hili mapema kabla watu hawajapotoshana. Kufunga habu si sawa na kuingiza fowili. Ukiwa 2H (nguvu inakwenda nyuma tu) na habu zimefungwa, matairi ya mbele yanazungusha ekseli, difu na propela (shafti ndefu ya chini ya gari) ya mbele bure tu, nguvu ya injini haijafika huko. Usukani unakuwa mzito kidogo na sili zinafanya kazi zaidi. Basi. Kinachoua ni kuingiza 4H (fowili ya mwendo wa kawaida) halafu ukatembea kwenye lami kavu. Magari haya hayana difu ya katikati, ile inayoruhusu mbele na nyuma zizunguke kwa mwendo tofauti. Kwenye kona matairi ya mbele yanatembea njia ndefu kuliko ya nyuma, na kwenye lami hayana pa kuteleza, kwa hiyo msokoto wote unaishia kwenye giaboksi ndogo na propela.

Mkulima_wa_Tunduma
Fundi, na mafuta je? Hiyo propela haizunguki kwa maji. Mimi nikitoka shamba nikagusa lami nashuka nafungua, hata kama nimevaa suti ya harusi.

Utingo_Mstaafu
Wewe unapima mafuta kwa kijiko. Ukinasa usiku kwa sababu habu ziko FREE, utashuka na hiyo suti kwenye tope la magotini kuzitafuta kwa vidole.

Mkulima_wa_Tunduma
Mzee, nakuheshimu, lakini usinifundishe gari langu. Mafuta nanunua mimi.

Mama_Kilombero
Wote mna haki, inategemea njia. Huku bondeni, Ifakara kwenda Malinyi, wakati wa mvua unakutana na tope, kipande kikavu, tope tena. Utashuka mara ngapi? Nikiwa nimefunga navuta tu gia ya fowili nikiwa kwenye mwendo wa pole, napita, narudisha 2H. Sisi akina mama tunaoendesha peke yetu hatutaki kushuka porini bila sababu.

Nyasa_Juu
Nimesoma hapa mikono inatetemeka, kwa hiyo naandika yote.

Tulikuwa tunapeleka maiti ya baba yetu mdogo Lupingu, kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Anayeijua Ludewa anajua ile njia: unatoka juu kabisa kwenye baridi, unashuka Milima ya Livingstone hadi ziwani, kona baada ya kona, mlima upande mmoja na shimo upande mwingine. Gari lilikuwa mkonga wa injini ya 1HZ, limetoka kubadilishwa beringi za mbele kwenye gereji moja mjini. Jeneza katikati, ndugu wamekaa pembeni, wengine wanaimba. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Kabla ya kushuka nilizungusha habu zote mbili hadi LOCK kwa mkono wangu, nikaingiza 4L (fowili ya gia nzito), gia namba moja. Ndivyo marehemu baba alivyonifundisha: mteremko wa utelezi gari lishikwe na injini kwa miguu yote minne, breki uguse kwa adabu.

Tumeshuka kidogo nikahisi gari haliko sawa. Mbele hapashiki. Injini inalia, matairi ya nyuma yanazuia, lakini mbele panakwenda tu. Kwenye kona yenye mfereji mkia ukaanza kunipita. Ndani nyimbo zikakatika. Nikikanyaga breki matairi ya mbele yanakufa na usukani haufanyi kitu, nikiachia tunaongeza mwendo kuelekea shimoni. Nikaliachia lipate kunyooka, nikalisukumia upande wa mlima, ubavu ukakwaruza mwamba likasimama. Vijana waliruka wakaweka mawe kabla sijasema neno.

Wazee wakaamua jeneza litembee kwa mabega. Wakashuka nalo wakiimba, na sisi wachache tukabaki na gari. Tukalivuta taratibu hadi penye tambarare, tukapiga jeki. Habu ya kushoto sawa. Ya kulia alama inasoma LOCK kabisa, lakini ukizungusha tairi, shafti ya ndani haitikisiki. Nikafungua kifuniko. Ndani wameshindilia grisi nzito ya beringi hadi imejaa! Ile pete inayotakiwa kuteleza na kung'ata meno ya shafti ilikuwa imekwama kwenye grisi, haijafika popote. Kwa hiyo difu ilikuwa inazungushia upande ule usio na kitu, na mbele yote ikawa haipo.

Tuliosha kwa dizeli na tambara, tukapaka grisi kidogo tu, tukarudisha. Ilipoingia tukaisikia. Tulishuka kilichobaki kama gari lingine, tukawakuta waombolezaji chini, na baba mdogo akazikwa siku ileile.

Tafadhali, ndugu zangu. Ile alama ya nje isiwatoshe.

Mwana_Makete
Pole sana mkuu. Mungu awape pumziko waliotangulia. Ile njia naijua, nimepata jasho kusoma tu.

Binti_wa_Mlangali
Pole kaka. Kuna mzee wetu pia alipelekwa kwa mabega njia hiyohiyo.

WanTeni_Milele
Poleni. Lakini ndiyo maana mimi na Land Rover 110. Fowili muda wote, hakuna habu za kuzungusha.

Spana17
Na ina difu ya katikati. Usipoifunga kwa ule mtalimbo, tairi moja likiteleza nguvu yote inakimbilia hapo. Hakuna gari lisilotaka kujuliwa. Mtu ametoka kusimulia msiba, tusigeuze kuwa mashindano ya magari.

WanTeni_Milele
Sawa fundi. Nimeelewa.

Spana17
Nyasa_Juu, ahsante kwa kuandika. Hilo la grisi naliona kila mara, tena kwa mafundi wenye majina. Namna ya kupima, kila mtu aifanye nyumbani kwenye sakafu ngumu: gari 2H, weka vizuizi nyuma, piga jeki tairi moja la mbele. Habu ikiwa FREE, zungusha tairi, propela ya mbele itulie. Habu zote mbili zikiwa LOCK, propela izunguke. Hamia upande wa pili. Upande mmoja ukikosa, huna fowili, hata taa iwake.

Safari_Chalbi
Nawasoma kutoka Marsabit, Kenya. Sisi huku tukitoka Kalacha kwenda North Horr tunafunga kabla ya kuingia jangwa la Chalbi, hata kama juu kunaonekana kukavu. Ile chumvi ina ganda, chini ni ute. Ukivunja ganda ndipo ukumbuke habu, umechelewa. Tena mtoe upepo kwenye matairi, hilo linasaidia kuliko kelele za injini.

Mkulima_wa_Tunduma
Kwa mteremko nakubali, nafunga. Kwa lami bado nafungua.

Utingo_Mstaafu
Angalau tumefika nusu ya njia.

Pikapu_Mpya
Shikamooni wakubwa. Nimenunua Hilux ya mkononi, habu ya kushoto imegoma kurudi FREE. Jirani anasema niipige nyundo.

Spana17
Marahaba. Nyundo weka chini! Rudisha gia 2H, rudi nyuma mita chache usukani ukiwa umenyooka, msokoto ulegee. Kisha zungusha kwa vidole tu. Ikigoma bado, ifunguliwe isafishwe. Na ikipona usiiache FREE mwaka mzima. Vitabu vya Toyota vinataka fowili itumike walau kilomita 16 kila mwezi ili oili ifike kila mahali mbele. Tafuta barabara ya vumbi, si lami.

Mama_Kilombero
Na ukague nati za habu baada ya safari mbaya. Zikilegea zinakata studi, na studi zikikatika umebaki na gia nyingi na fowili hakuna.

Pikapu_Mpya
Nimerudi nyuma hapa uani, imefunguka. Ahsanteni sana. Jumamosi naipigia jeki ile ya propela, pande zote mbili.