Bleach, Frieren na Vinland Saga: niendelee na ipi, niruke wapi?

Nakato_Mbale
Wapenzi wa anime, habari za jioni. Nina tatu mkononi na zote nimezisimamisha. Bleach niko epizodi ya 66: wamezuka watu wanaoitwa Bount na wanasesere wanaoongea, na habari ya Aizen imeachwa hewani. Frieren niko ya 6: picha ni nzuri sana, ila miaka inanichanganya, mtu ni mtoto halafu ghafla ni mkubwa. Vinland Saga msimu wa pili niko ya 5, na wanalima tu! Vita viko wapi?
Ipi niendelee nayo, na kama ni kuruka, niruke hadi namba gani hasa? Mchana natazama kwa simu, usiku kwa TV na flashi. Tafadhali msinimwagie siri za mbele.

Okello_wa_Lira
Dada Nakato, zote tatu unaziona zinasuasua, lakini kila moja ina sababu yake. Usizihukumu kwa pamoja.

Naanza na Bleach kwa kuwa jibu lake ni namba tu. Kubo, mchoraji wa manga ya Bleach (vitabu vya picha ambako hadithi ilitoka), alikuwa akichora sura moja fupi kwa wiki, na epizodi moja ya TV hula sura mbili hivi. Kipindi kilirushwa kila wiki tangu 2004 hadi 2012, kwa hiyo anime iliikuta manga njiani, na studio ya Pierrot ikabidi itunge hadithi zake yenyewe ili Kubo apate nafasi ya kutangulia. Hizo ndizo fila. Ulipo wewe ndipo fila kubwa ya kwanza inapoanza.

Ruka 64 hadi 109, anza tena 110. Ukifika 167 ruka 168 hadi 189. Hapo kuwa makini: pambano linakatwa katikati, kisha analetwa kapteni mpya kana kwamba hakuna kilichokuwa kikiendelea. Faili lako halina kosa, ndivyo kilivyorushwa. Endelea na 190. Kisha ruka 230 hadi 265, na mwishowe 317 hadi 341. Kuanzia 342 hadi 366 ni hadithi ya manga, usiiguse. Kuna nyingine mojamoja zimetawanyika katikati, lakini hizo hazikupotezi.

Fila hizo nne ni epizodi 129. Kwa dakika 24 kila moja, umeokoa karibu saa 52.

Jambo moja litakusumbua ukirukia 110: wale wanasesere bado wapo. Ni Ririn, Kurodo na Noba, na wao ni wa fila ya Bount, lakini anime iliendelea kuwachomekachomeka. Jua tu kwamba ni roho za kutengenezwa za Urahara, kama Kon, basi, usirudi nyuma kuwatafuta.

Fila ninayoweza kuitetea ni ile ya 230, ambapo panga za mashinigami (walinzi wa roho za wafu) zinapata miili ya watu. Wazo lake lina ladha. Ile ya Bount sina la kuitetea, imeburutwa epizodi 46 na muziki uleule.

Ukimaliza 366 nenda Thousand-Year Blood War ya 2022. Hiyo haina tatizo hili kwa sababu manga ilikwisha 2016, na sasa wanarusha kwa vipande vyenye mapumziko. Utashangaa ilivyo na kasi.

Adroa_Arua
Okello kamaliza Bleach. Mimi naongeza Frieren.

Frieren ni hadithi ya muda, kwa hiyo kama miaka inakuchanganya, kuna kitu hukioni kwenye kioo. Epizodi ya kwanza: safari ya miaka 10 imekwisha, wanaagana, wanakubaliana kutazama vimondo baada ya miaka 50. Frieren anarudi. Himmel, shujaa aliyesafiri naye, ni mzee mwenye upara na ndevu, mfupi kuliko alivyokuwa, na Frieren yuko vilevile. Hakuna anayeeleza kwa maneno kwamba nusu karne imepita kama wiki kwake. Ameishi zaidi ya miaka elfu. Baada ya hapo, mandhari inapobadilika, huwekwa maandishi kwenye picha yanayohesabu miaka tangu Himmel afariki. Ukiyakosa hayo, Fern, mwanafunzi wake, anakuwa mkubwa ghafla kweli.

Unayaona hayo maandishi au huyaoni?

Na ushauri mwingine: epizodi nne za kwanza zilirushwa Japani usiku mmoja, tarehe 29 Septemba 2023, kama filamu ya saa mbili. Mtu akizitazama moja leo, nyingine wiki ijayo, anaona hakuna kinachotokea. Wewe uko ya 6, kwa hiyo rudia 1 hadi 4 kwa mkao mmoja, kisha nenda moja kwa moja hadi 10. Kuanzia 7 mambo yanajengeka na 10 inakulipa yote. Mtihani wa wachawi unaanza 18 na kwenda hadi 28, hapo ndipo wapenda mapambano hutulia. Msimu wa pili ulianza Januari 2026, usiuguse kabla ya hiyo 28.

Ila usiitazame kibandani kwa VJ, yule anayetafsiri na kusimulia juu ya filamu. Simdharau VJ, Bleach kwa VJ ni raha tupu, anajaza kelele panapotakiwa kelele. Lakini Frieren nusu ya maana iko kwenye kimya. Mtu anaangalia sanamu sekunde sita bila kusema neno, na VJ hawezi kunyamaza sekunde sita, ndiyo kazi yake.

Nakato_Mbale
Adroa, umenigusa. Kwa simu nayaona maandishi ya miaka, kwa TV hayapo kabisa. Kwa TV mazungumzo pia wakati mwingine hayaandikwi. Nilidhani flashi imeharibika.

FundiSkrini
Flashi ni nzima, nnyabo. Faili hizo huwa ni MKV, na ndani yake maandishi ni safu tofauti na picha. Mara nyingi safu ni mbili. Moja imeitwa "Signs & Songs", ina mabango na nyimbo tu, ni ya wanaosikiliza sauti ya Kiingereza. Nyingine ni kamili, ina mazungumzo na mabango. TV nyingi huchukua safu ya kwanza bila kukuuliza, ndiyo maana siku nyingine mazungumzo hayaandikwi.

Halafu maandishi ya anime huwa ya aina ya ASS, ambayo yanabeba mahali pa kukaa kwenye picha, rangi na fonti. TV za kawaida zinaelewa SRT, mistari ya chini tu. Ikikutana na ASS, TV moja itaonyesha mazungumzo na kutupa mabango, nyingine itaonyesha vijisanduku, nyingine haitaonyesha chochote. Miaka ya Frieren inapotelea hapo.

Fanya hivi. Kwanza bonyeza kitufe cha maandishi kwenye rimoti wakati video inacheza, ubadilishe safu. Ikishindikana, na kama TV yako ni ya Android, weka VLC, programu ya kuchezea video, na ufungue flashi kupitia hiyo. Yenyewe inasoma ASS vizuri. Kama TV si ya Android, unganisha laptopu kwa waya wa HDMI, uchezeshe VLC kwenye laptopu. Njia ya mwisho ni kuyachoma maandishi kwenye picha kwa HandBrake, programu ya kubadilisha faili za video: sehemu ya Subtitles chagua safu kamili, weka alama kwenye "Burn In", toa MP4. Inakula muda kwa kompyuta dhaifu, na ukishachoma huwezi kuyaondoa.

Ukisikia sauti lakini kioo ni cheusi, hilo ni tatizo jingine: video imebanwa kwa H.264 ya biti 10. Chipu nyingi za TV haziifungui. Usihangaike na mipangilio, tafuta nakala ya biti 8.

Kwa wanaotazama Netflix kwa sauti ya Kiingereza, mtego ni uleule: maandishi yakizimwa, mara nyingine na tafsiri ya mabango inazimika. Yawashe.

Nambi_K
Na bando je? Kodi ya asilimia 12 kwenye data hapa Uganda tunailipa tangu Julai 2021, si vizuri kuichoma kwa picha ambayo kioo cha simu hakiwezi hata kuionyesha. Kwenye Netflix ya simu, ingia mipangilio ya programu, matumizi ya data, chagua "Save Data". GB 1 inakupa kama saa 6, yaani Frieren yote 28 ni karibu GB 2. Ukiacha kwenye "Maximum" GB 1 inaweza kuisha kwa dakika 20, hata epizodi moja haijafika mwisho. Hasara yake ni matukio ya usiku: kwenye data ndogo giza linavunjikavunjika kuwa vipande. Bleach ina usiku mwingi, Frieren ina mchana na nyasi, haiumii sana.

Okello_wa_Lira
Turudi Vinland, maana hajajibiwa.

Epizodi ya mwisho ya msimu wa kwanza, ya 24, inaitwa "Mwisho wa Utangulizi". Maana yake vita vyote ulivyoviona vilikuwa utangulizi. Msimu wa pili ndio hadithi yenyewe, kwa hiyo kulima si fila. Thorfinn na Einar ni watumwa kwenye shamba la Ketil huko Denmaki, wamepewa msitu waufyeke, walime ngano, wauze, wajikomboe kwa bei yao. Angalia wanavyong'oa visiki kwa mikono, kisha angalia kinachobadilika wanapopata farasi. Aliyewahi kufungua shamba jipya ataelewa kwamba mchoraji hakukisia.

Usikate shauri kabla ya epizodi ya 9. Hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini zile nane zilikuwa hivyo. Kama baada ya 9 bado huna hamu, acha kwa amani, hutaipenda.

Adroa_Arua
Hapo napingana kidogo. Sababu umeieleza vizuri, lakini 5 hadi 8 zingeweza kuwa tatu badala ya nne. Einar anarudia hasira ileile kwa watu walewale. Hata hivyo 9 nakubali, sina neno.

Nambi_K
Basi One Piece mngesemaje, ambako sura moja ya manga inavutwa ikawa epizodi nzima? Muziki wa mwanzo, muhtasari wa wiki iliyopita, sura za watu wakishangaa mmoja mmoja, unabaki na dakika 15 za hadithi. Angalau Toei, studio yake, walitangaza kwamba kuanzia 2026 hazitazidi epizodi 26 kwa mwaka.

Nakato_Mbale
Asanteni sana. Nimebadilisha safu kwa rimoti: mazungumzo yamekuja, mabango bado. TV si ya Android. Fundi, HDMI ya laptopu ndogo ya zamani itatosha au lazima nichome?

FundiSkrini
Kwa 720p itatosha. Ikikatakata, kwenye VLC nenda Tools, Preferences, Input/Codecs, na uwashe "Hardware-accelerated decoding". Faili zilizobanwa kwa HEVC, mbano mpya kuliko H.264, ndizo zitakazoilemea laptopu ya zamani, hizo zitazame kwa simu.

Nakato_Mbale
Sawa ssebo. Naanza Frieren 1 hadi 4 Jumamosi, Bleach naingia 110 usiku huu.